Baba Akijipamba, Anamvalia Nani?



Jioni moja baada ya sala za jumuiya hapa Kitengela, mama mmoja alibaki nyuma akisaidia kukusanya vikombe vya chai. Nilijua ana neno. Baada ya kuzungukazunguka akalitoa: "Baba watoto amebadilika."

Nikadhani ni pombe, au ni mshahara haufiki nyumbani. Sivyo. Mumewe alikuwa ameanza kukimbia kila Jumamosi asubuhi. Kitambi kimepungua. Amenunua mashati matatu na mafuta yenye harufu nzuri. "Miaka 14 nimekaa naye akivaa lolote ninalompa," akasema. "Sasa anasimama mbele ya kioo. Anamvalia nani?"

Nikazungumza na mume. Kumbe alikuwa amepimwa presha, akaambiwa iko juu na kwamba apunguze uzito. Hakumwambia mkewe, asije akamtia hofu. Na mashati? "Ya zamani yalinipwaya." Hapakuwa na mwanamke mwingine pale. Palikuwa na siri ndogo tu, na siri ndogo ndani ya nyumba huota haraka kuliko magugu baada ya mvua.

Wamenipa ruhusa niwasimulie, kwa sababu swali la mama yule ni kubwa kuliko mashati matatu. Wanaume wengi wanaotoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku hujiuliza kama kujitunza ni wajibu au ni majivuno. Na wake wengi huona haya kuuliza kile ambacho huyu alithubutu kuuliza. Basi tulitazame.

Je, kujipamba ni mambo ya wanawake?

Wako wanaume wanaojibu upesi kwamba mwanamume wa kweli hajali mavazi. Wenye kusema hivyo hawajaitazama Kajiado wanamoishi. Morani wa Kimaasai hupaka ngeu, husuka nywele ndefu, huvaa shanga zilizotungwa na mikono ya wanawake wanaompenda. Hakuna anayemwambia kwamba amepungukiwa uanaume.

Lakini tuangalie kinachofuata. Katika sherehe ya eunoto, morani hunyolewa nywele zile alizozitunza kwa miaka, na anayemnyoa ni mama yake. Toka hapo anaanza safari ya kuwa mzee, mwenye mke, watoto na mifugo ya kuangalia. Je, sasa ataanza kutembea ovyo? Hapana. Mzee wa Kimaasai na shuka yake safi na fimbo yake mkononi ni mtu wa kutazamwa kwa heshima. Hakuachishwa kupendeza, aliachishwa kujipendeza. Zamani alijipamba ili aonekane yeye, na sasa anajiweka sawa kwa sababu kuna watu nyuma yake.

Hapo ndipo penye jibu letu, ndugu zangu. Tusiulize kwanza kama baba ajipambe au asijipambe. Tuulize anajipamba kwa ajili ya nani, na kwa gharama ya nani.

Mwili huu ni wa nani?

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho waraka wa kwanza, sura ya 7, alisema jambo ambalo wanaume hupenda kulisoma nusu tu. Anafundisha kwamba mke hana mamlaka peke yake juu ya mwili wake, na papo hapo anaongeza kwamba mume naye vilevile hana, bali mkewe anayo. Tumezoea kulitumia neno hili kwa mambo ya chumbani. Lakini mwili unaoingia chumbani ndio uleule unaokula nyama choma usiku wa manane, unaovuta sigara, unaokaa kitini saa kumi bila kuinuka. Kama mkeo ana haki juu yake, basi ana haki pia ya kujua presha yake. Yule ndugu yetu alificha habari za mali isiyo yake peke yake.

Mtakatifu Luis, mfalme wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1270, alikuwa mume na baba wa watoto 11. Rafiki yake Joinville ameandika kwamba mfalme huyo alishauri wanaume wavae vizuri kwa kipimo: watu wenye busara wasiseme umezidisha, wala vijana wasiseme umepunguza. Sababu moja aliyotoa ni kwamba mkeo atakupenda zaidi. Mtakatifu mzima hakuona aibu kutaja sababu hiyo! Na hatuwezi kumshtaki kwa kupenda anasa, maana yeye mwenyewe, aliporudi kutoka vita vya msalaba, aliacha manyoya ya thamani na kuvaa kwa urahisi.

Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inashika njia hiyohiyo ya katikati. Afya ni zawadi tunayopaswa kuitunza kwa busara, lakini mwili usifanywe mungu wa kuabudiwa na kutolewa sadaka ya kila kitu.

Unadhifu unapogeuka wizi

Tuseme sasa upande wa pili, maana mama yule hakuwa mjinga kuuliza. Waswahili walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tunamjua baba anayeondoka nyumbani viatu viking'aa, shati limepigwa pasi na mkewe saa kumi alfajiri. Kazini ni mcheshi, mnyoofu, ananukia. Akirudi Kitengela anavua vyote, anavaa fulana iliyotoboka, ananuna mpaka alale. Jumapili mkewe anamwomba watembee kidogo, naye anasema amechoka. Wageni wanapata uso wake, mke anapata mgongo wake. Mtu huyu ni mtanashati, lakini utanashati wake ni mali aliyoihamisha kutoka nyumbani kwenda nje.

Yuko pia anayelipa ada ya jimu kila mwezi huku mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo. Yuko anayefanya mazoezi saa mbili kila jioni, watoto wanalala bila kumwona. Mazoezi ni mema, lakini jema lililonunuliwa kwa haki ya mwingine limeacha kuwa jema.

Na yuko yule anayemwambia mkewe, "Siku hizi umenenepa," hali mama amezaa watoto wanne, na kitambi chake mwenyewe hakikuzaa hata mmoja. Kabla hujanena, baba, jitazame.

Kipimo chepesi ni hiki: je, ungeweza kumwonyesha mkeo risiti? Je, unaweza kumwambia unakwenda kukimbia wapi na utarudi saa ngapi? Kama moyo unasita, usianze na viatu vya mazoezi. Anza na moyo wako.

Deni la juhudi

Mtu mmoja aliniuliza swali gumu. Kama mume anawiwa na mkewe mwili wenye afya na sura njema, itakuwaje siku atakapopooza? Atakuwa mdaiwa asiyeweza kulipa? Na mke atakuwa huru kutafuta mwingine?

Hasha. Tunachodaiana ni juhudi. Sura na nguvu haviko mikononi mwetu. Nywele zitaanguka, magoti yatauma, na wengine watalazwa bila kosa lao. Siku ya harusi hatukuahidiana kiuno chembamba. Tuliahidiana kubaki, afya ikiwepo na ikiondoka. Mgonjwa hadaiwi uzima, naye mzima hasamehewi uvivu. Anayejitunza leo anamwambia mwenzake, "Nataka kukaa nawe muda mrefu, kadiri Mungu atakavyonijalia." Na anayeuguza anajibu neno hilohilo kwa matendo. Upendo ni mmoja katika misimu miwili.

Kwa hiyo, mama, ukiona mzee wako ameanza kujinyoosha, usianze na tuhuma. Mwulize kwa upole, naye ajibu kwa ukweli. Kejeli za sebuleni zimewarudisha wanaume wengi kwenye kitambi, na ukimya wa wanaume umewapa wake wengi usiku usio na usingizi.

Kwa baba asiye na nafasi

Najua maisha yetu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 154,436 hapa Kitengela, na wengi wetu hufanya kazi Athi River au Nairobi, kilomita 30 hivi. Babu zetu walitembea nyuma ya ng'ombe kutwa. Mwaka 1964 daktari George Mann wa Marekani na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya Wamaasai wa Tanganyika. Walikula maziwa na nyama kwa wingi, lakini kolesteroli katika damu yao ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache. Wataalamu wamebishana juu ya sababu, lakini mojawapo iliyotajwa ni kutembea kwao kwingi. Sisi tumebaki na nyama, tukaacha mwendo. Tunakaa ndani ya matatu, tunakaa ofisini, tunakaa tena ndani ya matatu, kisha bodaboda inatufikisha mlangoni.

Basi nawashauri haya machache.

Kwanza, tembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ukitembea kwa haraka dakika 15 kwenda steji asubuhi na dakika 15 kurudi jioni, siku tano, umezipata zote bila kulipa jimu. Pita palipo na watu na mwanga. Mtembea bure si mkaa bure.

Pili, nguo chache zilizo safi. Mashati manne mazuri ya mitumba, yaliyopunguzwa na fundi yakakukaa sawasawa, yanashinda suti ya mkopo. Wakati wa mvua, udongo wetu mweusi hauna huruma: vaa gambuti hadi steji, beba viatu ndani ya mfuko. Na jifunze kupiga pasi mwenyewe. Mkeo naye huamka alfajiri.

Tatu, wewe unayebeba mawe au saruji kutwa, mazoezi unayo ya kutosha. Deni lako ni maji, sabuni, shati la kubadilisha na usingizi. Usidhani jasho la halali halihitaji kuoshwa.

Nne, weka kitu kizuri kwa ajili ya nyumbani. Jioni, baada ya kuoga, vaa nguo nzima, hata kama hakuna mgeni. Mkeo si mtu wa kuzoeleka hata usijali anakuonaje.

Tano, pimeni presha na sukari pamoja, na majibu yasomwe na wote wawili.

Kumalizia

Mtauliza yule mama na mumewe waliishia wapi. Alipoambiwa habari ya presha alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa nini yeye awe wa mwisho kujua. Lile swali lilimchoma mzee kuliko lile la kwanza. Siku hizi Jumamosi hatoki peke yake. Hawakimbii, maana mama hataki kukimbia. Wanatembea, wakizungumza juu ya karo na juu ya mtoto wa kidato cha tatu anayewasumbua. Nilipokutana nao majuzi nilimtania baba kwamba shati lake ni zuri. Kabla hajajibu, mkewe akasema, "Nimelichagua mimi."

Wapendwa, tukae tukiwa nadhifu na wenye nguvu kadiri tulivyojaliwa, na wa kwanza kufaidi awe yule tuliyesimama naye altareni.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Mara ya mwisho kuvaa vizuri kwa ajili ya mwenzangu tu, bila kwenda popote, ilikuwa lini?
2. Kuna habari yoyote ya afya yangu ambayo mwenzangu haijui? Kwa nini?
3. Katika muda na fedha ninazotumia kujitunza, kuna kilichotolewa kwenye haki ya watoto?
4. Ni dakika 30 zipi katika wiki tunazoweza kutembea pamoja, sisi wawili?