Hisabati ya Garissa na Haki ya Mwalimu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), twasema: Usiku wa darasa uliopita mzee mmoja alituuliza suala ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa kalamu, kwani wengi wanalo vifuani mwao. Mwanawe asoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Garissa, naye aingia muhula wa tatu, ambapo hufundishwa kalkulasi, ile elimu ambayo Waarabu huiita tafadhuli na takamuli. Jamaa zake wamwambia kuwa elimu hiyo haina thawabu, na kwamba afadhali kijana abaki Mombasa akamilishe vitabu vya fiqhi. Je, amzuie?

Twajibu: Asimzuie.

Kwanza na aijue elimu yenyewe, kwani mtu ni adui wa asichokijua. Tulimwuliza kijana, aliyekuwa likizoni, naye akatufahamisha kwa mfano wa lambo. Wafugaji wa huko huchimba malambo ya kukinga maji ya mvua. Chini ya lambo si sawa: hapa pana kina, pale pamejaa mchanga. Kina chabadilika ukienda mashariki, na chabadilika vingine ukienda kaskazini. Basi atakaye kujua kama maji yatawatosha ng'ombe hadi mvua nyingine, haimfai kuzidisha urefu kwa upana kwa kina kimoja. Mjuzi wa elimu hii hulikata lambo, kwa fikra, vipande vidogo vya mraba, akatwaa kina cha kila kimoja, akajumlisha. Kisha huvifanya vipande vidogo zaidi na zaidi, mpaka jumla ikatulia juu ya kadiri moja. Katika mihula ya mwanzo mwanafunzi hutazama kitu kibadilikacho kwa sababu moja. Katika huu wa tatu, kwa sababu mbili, tatu au zaidi. Ni nani athubutuye kusema kuwa kuwahifadhia viumbe maji ni jambo lisilo na thawabu?

Wala si elimu ya kigeni kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri na kufa yapata mwaka 1040, alijumlisha vipande vyembamba vya umbo lililopinda akapata ujazo wake, zaidi ya miaka mia sita kabla ya Newton na Leibniz. Imam Ghazali, katika Ihya, ameitia hesabu katika fardhi za kifaya, kwa haja ya watu katika muamala na mirathi; na kwengine amemlaumu vikali adhaniaye kuwa ainusuru dini kwa kuzikanusha elimu za hesabu. (Nasi twaona kuwa waidharauo hesabu ndio wa kwanza kumgongea kadhi mlango siku ya kugawanya thumuni na sudusi.)

Lakini mzee alipokwisha kusema hayo ya thawabu, aliinamisha kichwa akasema kwa sauti ndogo: "Tena, naogopa." Hapa ndipo penye uzito.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye silaha waliingia chuoni humo, wakawatenga Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wakaua kwa jina la dini yetu. Waliouawa ni watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Chuo kikafungwa hata Januari 2016. Kabla yake, Novemba 2014, waliuawa watu 28 katika basi lililotoka Mandera, walimu wakiwamo. Na Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa. Walimu waliotoka bara wakakimbia, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha wengi. Madarasa mengi yakabaki na watoto na ubao. Na mtoto asiyepata mwalimu wa hisabati katika skuli hafiki muhula wa tatu wa kitu chochote.

Mateka wa Badr waliojua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina. Hao walikuwa washirikina waliotoka vitani, panga hazijapoa, nao wakakaa salama mbele ya watoto wa Ansari. Na aya ya sita ya Suratut-Tawba yaamrisha kumlinda hata mshirikina aombaye amani, na kumfikisha mahali pake pa usalama. Basi mwalimu aliyetoka Kisii au Machakos, ambaye hakushika ila chaki, haki yake juu yetu ni ipi?

Hatumlaumu mwingine kabla ya nafsi zetu. Siku ya pili ya mauaji yale ilikuwa Ijumaa. Tulipanda mimbari, na watu wamekaa wakitungojea tuseme; tukahutubu juu ya adabu za udhu. Tuliogopa. Baadaye tulisema barazani kuwa wauaji wale si katika sisi, tukajiona tumekwisha kulipa.

Tumemwambia mzee: mwanao na amalize, kisha akafundishe Wajir au Mandera japo miaka mitatu, kwani fardhi ya kifaya ikiachwa na wote, dhambi ni ya wote. Na wenzake wa bara alionao darasani awe jirani yao kwa haki ya ujirani. Darasa letu limeahidi kumnunulia kitabu cha kalkulasi. Mzee hakutujibu, alivaa viatu, akatoka. Jumamosi asubuhi tulimwona kituoni, akimfungia mwanawe sanduku kwa kamba, na basi la Garissa languruma.