Tusiwasingizie Wayahudi

Mtoto akiuliza ni nani waliomwua Yesu, wazazi wengi hujibu: "Wayahudi." Jibu hilo si dogo. Karne nyingi Wakristo wa Ulaya walilifanya kisingizio cha kuwadhulumu Wayahudi. Mwaka 1555 Papa Paulo IV aliwafungia wale wa Roma katika mtaa wenye kuta. Mwaka 1959 Papa Yohane XXIII alifuta neno la kuwatweza katika sala ya Ijumaa Kuu. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba mateso ya Bwana hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo. Basi mwambieni mtoto: dhambi zetu sote ndizo zilizomsulubisha. Naye Mama Maria alikuwa Myahudi. Mwenye kuwadharau Wayahudi anaidharau jamaa ya Bwana wake.