Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Methali hii huambiwa mtu aliyepata hasara, naye huipokea kama pole. Yafaa tuitazame kwa makini zaidi, maana inajibu swali linalomjia kila mtu mambo yanapomwendea kombo: mimi ni nani sasa?

Tuanze na maana ya juu. Kwa koleo mhunzi hushika chuma kilichoiva motoni, akakigeuza juu ya fuawe na kukipiga nyundo. Likivunjika, kazi ya siku hiyo imesimama. Pande zetu hizi za Mpanda kazi hiyo si ngeni. Kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012, Mpanda ilikuwa ndani ya mkoa wa Rukwa, na jirani zetu Wafipa wa huko zamani walisifika kwa kuyeyusha chuma katika malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma hicho kilisafishwa, kikafuliwa majembe. Sasa jiulize: koleo lenyewe hutoka wapi? Hufuliwa na mhunzi. Uhunzi ndio uliolizaa, na likivunjika bado anabaki yule awezaye kufua jingine.

Hapo ndipo ilipo maana ya ndani. Koleo ni ajira, cheti, mtaji, cheo. Uhunzi ni ujuzi, tabia, akili na bidii ya mtu. Msiba huanza pale mtu anapojipima kwa koleo lake. Kijana wa Shanwe, hapa mjini, aliyeanguka mtihani wa kidato cha nne hujiona yeye mwenyewe ameanguka, akaanza kuwakwepa wenzake barabarani. Mama aliyekuwa akiuza mchele, mtaji ukakata, hujiona hana akili ya biashara, ilhali miaka yote hiyo alijua kuchagua mchele, kutunza wateja na kulipa madeni. Mtihani hurudiwa kwa kujitegemea, ufundi husomwa katika vyuo vya VETA, mtaji hutafutwa upya. Ila anayejidharau hafiki hata mlangoni kuuliza fomu.

Mji wetu wenyewe ni ushahidi. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa sababu ya madini ya risasi, na treni zikaanza kufika mwaka 1950. Miaka kumi baadaye mgodi ulifungwa. Kama Mpanda ingekuwa mgodi tu, ingekufa siku ile. Lakini watu walilima, wakachuuza, wakasafirisha mazao kwa reli ileile, na leo hapa ni makao makuu ya mkoa.

Ushahidi mwingine uko Katumba, humu humu mkoani. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji kwao, na wengi wakapewa makazi hapo na baadaye Mishamo. Nyumba, mifugo na mashamba vilibaki nyuma. Hata jina walilopewa, mkimbizi, lilitaja walichopoteza. Lakini kilimo walikuja nacho kichwani na mikononi. Wakafyeka pori, wakapanda, wakavuna. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa asili hiyo. Wangejihesabu kwa walichoacha ng'ambo, wasingeshika jembe.

Hata hivyo methali hii isitumiwe kubembeleza uvivu. Haisemi kuvunjika hakuumi. Mhunzi ana haki ya kuhuzunika, na kabla ya kupata koleo jipya huenda akalazimika kuazima la mwenzake; kuomba msaada hakumpunguzii uhunzi wake. Tena, faraja hii imetolewa kwa mhunzi. Asiyejifunza kazi, hata umpe makoleo kumi, hatafua kisu. Wala koleo lililovunjika lisigeuzwe kisingizio, kwani wahenga walionya pia: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Huenda koleo lilivunjika kwa sababu lilishikwa vibaya, na mhunzi anayetaka kukua hukagua mkono wake pia.

Kwa hiyo kujithamini tunakofundishwa hapa si kujisifu mbele ya kioo. Ni kujua kwa hakika unachokiweza, kukiri usichokiweza bado, na kuongeza ujuzi kidogo kila siku ili siku ya hasara ikukute una kitu ambacho hakivunjiki. Ukipatwa na pigo, chukua karatasi uandike mambo mawili: kilichovunjika ni nini, na unachojua kufanya ambacho hakikuvunjika nacho. Orodha ya pili ikiwa ndefu, anza kazi leo. Ikiwa fupi, usijitukane. Mtafute fundi wa kukufundisha, maana kila mhunzi aliwahi kuwa mwanafunzi wa mtu.