Kimya cha Kompaila

Hebu nikuulize, mwenzangu: anayekunyamazia amekukubali? Nilipokuwa najifunza lugha ya C niliandika "auto int x" ndani ya fanksheni. Kompaila haikuguna. Nikajiona fundi. Kumbe "auto" pale haiongezi kitu. "Int x" peke yake yatosha. Mwaka 2011 lugha ya C++, iliyotokana na C, ikalipatia neno hilo kazi mpya, na mstari uleule ukawa kosa humo. Siku hizi nawaogopa wanaosema "safi sana" kwa kila shairi langu. Mimi nami nimewahi kumnyamazia rafiki, nikauita upole. Wapi! Ulikuwa woga. Neno tupu lisipoulizwa leo, kesho litamuumbua mwenyewe. Basi msomaji, ukiliona langu, guna!