Pambo Hukumbuka Kazi

Kuachwa na mtindo hakuna tarehe. Mtu hugundua tu kwamba ameanza kukasirika. Usiku, kwenye barabara ya Thika jijini Nairobi, Subaru ndogo inampita. Dereva anaondoa mguu kwenye mafuta, na ekzosi inalipuka mara tatu, nne, mfululizo, hata ving'ora vya magari yaliyoegeshwa vinaanza kulia. Sisi wa umri wangu tunatikisa kichwa na kutoa hukumu ambayo tumekuwa nayo mfukoni: kelele tupu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kisha tunaongeza kwamba zamani gari lilibadilishwa kwa sababu, siku hizi ni maonyesho.

Hukumu hiyo ina dai zito kuliko kero ya kelele. Inasema kwamba maana ilikuwako, kisha ikatoweka, na kwamba ilitoweka karibu na wakati ule ule tulipoanza kuota mvi. Dai linalompendelea msemaji kiasi hicho lastahili kupimwa.

Rika langu lilijifunza kuyapenda magari kando ya barabara ya vumbi, wakati wa Pasaka, likisubiri Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita katika barabara zisizofungwa, hivyo mashujaa wake walipita mbele ya mashamba na maduka ya watu. Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun. Na Datsun, Lancer na Peugeot 504 ndizo zilizoendeshwa na mwalimu mkuu, daktari wa wilaya na mwenye duka. Kijana hakuhitaji kuota gari la mbali. Alihitaji tu kulifanya gari la baba lifanane na lile lililopita.

Ndivyo tulivyofanya. Taa nne kubwa mbele ya grili, kila moja na kifuniko chake cha plastiki. Vyuma vya kukinga bampa. Mipira mirefu ya kuzuia matope nyuma ya magurudumu. Aliyekuwa na akiba kidogo alikwenda kwa mafundi wa Grogan, pale Kirinyaga Road, akabadilishiwa kabureta. Na kila kitu tulijua kazi yake. Taa zilikuwa za usiku wa Taita, ambako dereva aliyekuwa mbioni alihitaji kumwona mnyama au kuliona korongo kabla hajalifikia. Vyuma vilikuwa vya ng'ombe atakayekatiza njia ghafla. Mipira ilizuia mawe.

Yote hayo ni kweli, ila gari la baba halikwenda Taita usiku. Lilikwenda Buruburu, kazini na kanisani, chini ya taa za baraza la jiji, na taa zetu nne zilimaliza mwaka mzima zikiwa zimefunikwa. Kazi ilifanywa kwingine, na watu wengine. Sisi tulivaa alama yake.

Sasa turudi kwenye ekzosi. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, moshi hupungua na turbo hupoteza kasi. Akikanyaga tena, injini huzubaa kidogo kabla ya kuitikia. Katika mbio, kuzubaa huko ndiko kushindwa. Mafundi wa mashindano walilitatua jambo hilo kwa kuyaacha mafuta yaendelee kuingia na kuichelewesha cheche, ili moto uwakie ndani ya bomba na kuizungusha turbo hata mguu ukiwa juu. Mlio wa risasi ulikuwa sauti ya kazi hiyo ikifanyika. Subaru Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari mwaka 1997 ilikuwa ya kizazi hicho cha magari.

Kijana wa barabara ya Thika hayuko mashindanoni. Amemlipa mtu ambadilishie programu ya injini ili mafuta kidogo yaungulie kwenye bomba, na huenda gari lake halina hata turbo. Wenzake wanaolaza magurudumu, sehemu ya juu ikiegemea ndani, nao wameichukua hesabu ya viwanja vya mbio, ambako tairi hulazwa kidogo ili likanyage sawasawa gari linapoinama kwenye kona. Wao wamelilaza mpaka tairi linatembelea ukingo wake wa ndani na kuisha upesi. Alama ya kazi iliyofanywa kwingine, na watu wengine. Sioni tofauti yake na taa zetu nne, isipokuwa kwamba za kwetu hazikumwamsha jirani.

Kwa hiyo tofauti ya zamani na sasa haiko kati ya kazi na maonyesho. Pambo la gari, tangu tulijue, ni kazi inayokumbukwa na mtu asiyekuwa na haja nayo. Tuliiona taa, na usiku mzima wa pori ukaingia kichwani. Yeye anausikia mlio, na kichwani mwake inaingia michezo ya video na filamu za mbio alizokulia nazo. Mtu anaweza kusema kwamba kumbukumbu yake ni ya kioo cha runinga. Lakini hata sisi hatukuwahi kukaa ndani ya lile gari la Mehta. Tuliliona kwa sekunde chache, kisha tukala vumbi.

Linalomfanya mzee asielewe, basi, si upungufu wa maana katika kitu anachokiona. Ni kwamba hajui ni kazi gani inayokumbukwa. Na asiyeijua kazi hawezi kulipima pambo. Hawezi kusema limefanywa vizuri au ovyo. Hilo ndilo linalouma. Tulikuwa waamuzi. Gari lilipoegeshwa, tulilizunguka, tukainama, tukasema rimu hizi zimelingana au hazikulingana, na mwenye gari alingoja neno letu. Leo tunaweza kulizunguka gari zima na neno letu lisingojewe na mtu.

Niliwahi kukaa katika gereji moja ya Industrial Area nikisubiri gari langu, na kwenye nafasi ya pili kijana alikuwa ameketi ndani ya Impreza, kompyuta mapajani, waya umeingia chini ya usukani. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na jedwali la namba tupu, mistari kwa mistari. Alibadilisha namba chache za pembeni, akakanyaga mafuta, akaachia, akainamisha kichwa upande wa dirisha. Akatikisa kichwa, akarudisha namba moja. Mwenye gari, kijana mwenzake, alitaka mlio uongezeke.

"Hapana, kaka. Nikiongeza hapo utachoma valvu, halafu utasema ni mimi."

Nikamuuliza, "Kijana wangu, namba ya kuweka unaijuaje?"

"Siijui, mzee. Naanza na ndogo, halafu nasikiliza."

Mafundi wa kabureta wa Grogan walifanya hivyo hivyo, bisibisi mkononi, wakigeuza skrubu robo mzunguko na kusubiri injini iseme. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtindo ulikuwa umebadilika kabisa. Usikivu wa fundi na ubishi wake na mteja asiyejua kikomo ulikuwa ule ule. Mtu anayelalamika kwamba hamna tena ufundi angepaswa kukaa pale nusu saa kwanza.

Kuna sababu nyingine inayoyafanya mabadiliko ya magari kwetu kuwa zaidi ya mchezo wa vijana. Magari mengi tunayoyaendesha hayakutengenezwa kwa ajili yetu. Yalitengenezwa kwa ajili ya mtu wa Japani, ambako gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3 na kisha kila miaka 2, hata ikafika siku akaona afadhali aliuze. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo linatufikia likiwa karibu na mwaka wake wa saba. Rangi ilichaguliwa na mtu mwingine. Ukiliwasha asubuhi, sauti ya mwanamke inakwambia kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Redio yake kwa desturi ilitengenezwa kushika FM ya Japani, 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu zinafika 108.

Ndiyo maana badiliko la kwanza katika gari la Mkenya ni kifaa kidogo kinachounganishwa kwenye waya wa eriali ili redio ishike stesheni za nyumbani. La pili ni spesa juu ya springi, gari liinuke, lipite matuta na mashimo bila kukwaruza tumbo. Hakuna anayeyaita hayo mtindo, na hakuna mzee anayeyakasirikia. Lakini yanatoka mahali pamoja na mengine yote: mtu amekabidhiwa kitu kilichokwisha kuamuliwa na wengine, naye anataka neno lake liwemo. Baba wa familia analiinua gari lake la Fielder kwa sababu ya barabara. Kijana analishusha lake mpaka chini, barabara ile ile, na kila tuta analivuka kwa upande, polepole, kwa mateso. Yule amesema, nakubali ninapoishi. Huyu amesema, sikubali. Kauli zote mbili zinahusu Nairobi, wala hazihusu Japani.

Tena hata kipya chetu si kipya. Gari linalopambwa leo lilikwisha kupitwa na wakati lilikotoka. Kijana anayemcheka mzee kwa kuwa nyuma anamcheka akiwa ameketi ndani ya gari la miaka minane iliyopita. Hatuna wa mbele hapa. Tuna walioachwa kwa viwango tofauti.

Anayetaka kujua mtindo unavyokufa atazame matatu. Nganya mpya, yaani matatu iliyopambwa, hutoka kwa waundaji wa bodi ikiwa na michoro ya wanamuziki na wachezaji, taa za kila rangi, runinga, muziki unaotikisa viti, na kwa msimu mmoja abiria huziacha nyingine zipite ili waipande hiyo. Kisha inakuja nyingine. Ile ya kwanza inapakwa rangi upya, au inahamishiwa njia isiyo na mashabiki. Na mara nyingine mtindo hauzeeki, unafutwa. Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika, pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo, matatu zilivaa mstari wa manjano na michoro ikatoweka. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliiruhusu irudi. Novemba 2018 serikali ikazifufua kanuni zile kwa kishindo. Mchoraji aliyekuwa stadi mwaka 2003 alilala fundi, akaamka bila kazi. Kuachwa kwake hakukutokana na uzee. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mitindo huenda kwa haki, ikimwacha anayestahili kuachwa.

Nini basi cha kufanya? Wako wanaokimbilia. Mtu wa miaka 55 anaweka ekzosi ya milipuko, na milipuko hiyo haimwambii mtu lolote kwa sababu kumbukumbu si yake. Wako wanaorudi nyuma kabisa na kulirejesha gari la zamani liwe kama lilivyotoka kiwandani, wakilipeleka kila mwaka kwenye mashindano ya Concours d'Elegance ya Ngong Road, ambako waamuzi hutazama hata chini ya gari kutafuta uchafu. Ni kazi ya heshima, na inataka subira. Lakini gari lililorejeshwa katika hali ya kiwandani limefutiwa kila neno ambalo mwenyewe aliwahi kuliongeza, zikiwemo zile taa nne. Na wengi wetu tumeshika njia ya tatu, iliyo rahisi, ya kudharau.

Ipo ya nne, nayo ni kuuliza kazi. Badala ya kusema hii ni takataka, mtu aulize hii inakumbuka nini. Mara nyingine jibu litakuwa hafifu, na pambo litabaki baya. Kuelewa si kusifu, na jirani mwenye mtoto mchanga ana haki ya kulala. Mara nyingine kijana mwenyewe hajui kwamba mlio anaoulipia ulizaliwa kwa ajili ya turbo isizubae, na hapo mzee ana jambo la kumpa badala ya hukumu.

Jambo hilo lina haraka kuliko tunavyodhani. Tangu 2022 mabasi ya umeme yanabeba abiria Nairobi, na gari la umeme halina ekzosi, halina mafuta ya kuungulia kwenye bomba, halina bomba. Wale watakaokuja watalipamba kwa njia ambayo sina uwezo wa kuibashiri, na kijana wa barabara ya Thika atakasirika, atatikisa kichwa, atasema zamani gari lilikuwa na roho. Namna ya kuachwa na mtindo nayo hufundishwa, na yeye anatutazama sisi. Akituona tukidharau, atajifunza kudharau, hata kama mengine yote tuliyompa atayatupa.