Nani Kakwambia?

Swali hilo aliniuliza babu yangu Desemba 2021, nyumbani Kaengesa. Nje mvua ilikuwa inanyesha, sisi tumejikunyata jikoni tukisubiri maharage yaive. Nilikuwa namwonyesha mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, kipande cha video kwenye simu. Alikuwa kidato cha tatu na Historia ndilo somo alilolipenda. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyefika chuo kikuu, kwamba barabara anayoiona ipo kweli huko Mashariki ya Kati, na kwamba Warusi waliwapiga mabomu watu waliokuwa wakikimbia mpaka barabara nzima ikajaa magari yaliyoungua.

Babu akasogeza kuni. "Nani kakwambia?"

Sikuwa na jibu la kumpa mzee. Aliyeniambia ni gemu.

Na si gemu ya kupita tu. Mjomba alikuwa na steshenari mjini Sumbawanga, na jioni akifunga hesabu aliniachia kompyuta yake ya mezani. Ndani yake kulikuwa na Call of Duty 4: Modern Warfare, iliyotoka mwaka 2007. Ililetwa kwa flashi. Sitajidai kwamba kuna mtu aliilipia. Umeme wa Sumbawanga ulikuwa unatoka Zambia, na ulipokatika katikati ya mapigano nilianza upya bila kununa.

Kuna hatua moja ya gemu ile sijaisahau. Wewe ni sajini wa Kimarekani, Paul Jackson, umeingia na jeshi kubwa kwenye nchi ambayo hata jina haitajwi. Mnaondoka kwa helikopta, bomu la nyuklia linalipuka. Unazinduka, unatambaa kutoka kwenye mabaki, unapiga hatua chache, unaanguka na kufa. Nilikuwa na miaka 13. Nilibonyeza kila kitufe nikidhani kuna namna ya kumwokoa. Hakuna. Usiku ule nililala na swali: jeshi lenye nguvu kiasi kile lilifuata nini pale?

Kwa hiyo mwaka 2019 studio ileile, Infinity Ward, ilipoianza hadithi upya chini ya jina lilelile la Modern Warfare, nilijiona kama mtu anayerudishiwa kitu chake. Niliicheza hosteli, kwenye PS4 ya mwenzangu wa chumba. Sitaki kuisingizia: ni gemu iliyotengenezwa vizuri. Kuna usiku mmoja London mnapekua nyumba chumba kwa chumba, na kwa nukta moja unapaswa kuamua kama mwanamke aliye mbele yako anakimbilia silaha au mtoto wake.

Halafu inafika hatua iitwayo Highway of Death, yaani Barabara ya Mauti. Farah, mpiganaji wa nchi ya kubuni iitwayo Urzikstan, anamweleza mwenzake kwamba Warusi waliipiga mabomu barabara ile walipovamia, wakaua watu waliokuwa wakijaribu kutoroka. Nilimwamini. Farah alikuwa upande wangu.

Baada ya swali la babu, nilitafuta. Jina hilo ni la kweli. Usiku wa kuamkia Februari 27, 1991, kwenye Barabara namba 80 inayotoka Kuwait kwenda Basra, ndege za muungano ulioongozwa na Marekani ziliupiga msafara wa jeshi la Iraq uliokuwa ukirudi kwao. Mpigapicha wa Kimarekani, Kenneth Jarecke, alimpiga picha askari mmoja wa Iraq aliyeteketea akiwa bado anajivuta kutoka kwenye gari. Gazeti la The Observer la Uingereza liliichapisha. Marekani, shirika la habari la AP liliiondoa isisambazwe.

Nilimpigia simu mdogo wangu kumrekebisha. Akanisikiliza, kisha akasema, "Sasa kaka, tofauti iko wapi? Si walishakufa?"

Ndilo swali ninalobishana nalo hadi leo, kwa sababu si la kijinga. Unaweza pia kuliongezea: ile ni hadithi, Urzikstan haipo, na mtunzi ana ruhusa ya kubuni. Nakubali ana ruhusa. Gemu ya 2007 iliitumia: ilibuni nchi, ikabuni na maafa yake. Ile ya 2019 ilibuni nchi, lakini maafa iliyaazima. Jina lile lina uzito kwa sababu kuna watu waliungua. Ukichukua uzito huo ili hadithi yako ionekane ya kweli, huwezi kugeuka ukasema ni hadithi tu pale unapoulizwa nani aliua.

Siwatetei Warusi. Grozny waliiangusha wenyewe, na Aleppo ndege zao zilikuwepo. Mtunzi aliyetaka ubaya wao hakuwa na haja ya kuazima wa mtu mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni kingine. Kisa cha kweli ni kigumu. Wale wa mwaka 1991 wengi wao walikuwa askari waliokuwa wameikalia Kuwait tangu Agosti 1990, na baadhi ya magari yalibeba mali ya kupora. Wapo wanaosema jeshi linalorudi nyuma bila kusalimu amri bado ni jeshi halali kupigwa. Wapo wanaosema kumuua mtu aliyekupa kisogo, aliyenaswa kwenye foleni, ni kuua tu. Hapo kuna jambo la kufikiri. Gemu mpya ilifuta ugumu wote huo kwa kubadilisha jina moja. Ya zamani iliniachia swali. Hii iliniachia adui.

Babu yangu alikwenda Kagera na mgambo mwaka 1979. Huzungumza kidogo sana kuhusu vita ile, na kila anapoizungumza hutenganisha: hili niliona, hili niliambiwa na fulani. Utotoni nilidhani ni uzee. Sasa najiuliza: ingetoka gemu yenye daraja liitwalo Kyaka, ndani ya nchi ya kubuni, na wanaolilipua si askari wa Amin bali ni sisi, je, tungesema ni gemu tu? Waliokufa wangebaki wamekufa, kweli. Lakini maiti ana madai mawili kwetu: aliliwe, na aliyemuua atajwe. Ukibadilisha jina la muuaji, kilio kinabaki na dai linapotea.

Nilimweleza mdogo wangu hayo kwenye simu, kwa maneno mepesi kuliko haya. Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekata.

"Na hiyo ya 1991," akasema, "wewe nani kakwambia?"

Nikaanza kumtajia, mmoja mmoja.