Saumu Isiyo na Magharibi

Zikibaki dakika tano kabla ya adhana ya magharibi, mwezi wa Ramadhani, barazani huwa na watu wa namna mbili. Wapo wanaotazama tende na bakuli la uji, na wapo wanaopapasa mfuko wa shati. Hawa wa pili wamekwisha kuitoa sigara, imekaa katikati ya vidole bila kuwashwa, na kiberiti kipo juu ya goti. Muadhini akianza tu, tende moja inatupwa mdomoni, linafuata funda la maji, kisha njiti inachanwa. Moshi wa kwanza huleta kizunguzungu hata mtu akatafuta ukuta wa kuegemea. Wenyewe hucheka wakasema hiyo ndiyo stimu waliyokuwa wakiingojea tangu alasiri.

Sigara hiyo ya magharibi haina ajabu. Ajabu ni zile saa 13 na ushei zilizotangulia. Mtu huyu anamaliza pakiti kwa siku. Mkewe amemsihi, daktari amemkanya, yeye mwenyewe ameapa mara ngapi sijui, na kila akiapa ananunua nyingine kesho yake, moja moja, dukani kwa mtu wa jirani. Leo amepitisha mchana mzima bila kuvuta na hakuna aliyemfunga mikono. Ukimuuliza atasema mchana haukumsumbua sana, kilichomtesa ni ile nusu saa ya mwisho. Imekuwaje kiu iliyomshinda mwezi wa Shaabani ikaja kuwa na adabu Ramadhani?

Swali hilo limewahi kupimwa, ingawa kwa watu wa dini nyingine. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya Wayahudi wa Orthodox wanaovuta sana. Kwa sheria yao, kuwasha moto siku ya Sabato ni marufuku, hivyo kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku hawagusi sigara. Watafiti waliwauliza kuhusu kiu yao siku ya Sabato, siku ya kazi ya kawaida, na siku ya kazi ambayo waliombwa wasivute. Siku ya kazi waliyoombwa wajizuie, kiu iliwaka. Asubuhi ya Sabato, ijapokuwa walikuwa wamekaa bila kuvuta usiku kucha, kiu ilikuwa chini kabisa. Ilianza kupanda Sabato ilipokaribia kwisha.

Miaka mitano baadaye, Dar na wenzake waliwageukia wahudumu wa ndege. Safari za saa chache zililinganishwa na zile ndefu za kuvuka bahari. Kama kiu ingekuwa ni suala la nikotini kupungua damuni tu, basi ingepanda sawasawa kadiri saa zinavyopita, awe mhudumu anakwenda karibu au mbali. Haikuwa hivyo. Ndege ya safari fupi ilipokaribia kutua, kiu ilikuwa juu sana. Muda ule ule ukifika kwenye safari ndefu, ndege ikiwa bado katikati ya anga, kiu ilikuwa imelala. Nayo iliamka rubani alipoanza kushuka.

Matokeo haya hayajamaliza ubishi, na wala hayaufuti mwili. Nikotini hufika ubongoni katika sekunde 10 hadi 20 tangu moshi uvutwe, na nusu yake huwa imeondoka mwilini baada ya saa 2 hivi. Ubongo uliozoea kulishwa mara 20 kwa siku hulalamika ukinyimwa: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoshiba, akili isiyokaa mahali pamoja. Vijana wameazima jina kwa watumiaji wa dawa za kulevya, wanaiita arosto. Siku tatu za mwanzo ndizo kali kuliko zote, na sehemu kubwa ya mateso hayo hupungua katika wiki mbili hadi nne. Kila wimbi lenyewe hudumu dakika chache tu, ingawa aliye ndani yake ataapa kwamba ni mwaka mzima. Hayo yote ni kweli. Ila ni kweli pia kwamba kiu ina masikio: inasikiliza kama mlango uko wazi au umefungwa.

Mswahili alikwisha kuligusa jambo hili kwa namna anavyosema. Mtu aliyeacha sigara akipitiwa na moshi wa mwenzake hasemi sana kwamba yeye anataka; husema roho inataka. Anajitenga na ile tamaa, anaisogeza kando kidogo kama mgeni asiyealikwa. Mwanafalsafa wa Kimarekani Harry Frankfurt alijenga hoja yake mashuhuri ya mwaka 1971 juu ya utengano huo huo. Kuna mraibu anayetaka kilevi na ameridhika kukitaka, na kuna mraibu anayekitaka huku akitamani asingekitaka. Wote wawili wanaweza kuishia kuvuta, lakini wa pili ameshindwa na kitu ambacho hakitambui kuwa chake. Kwa Frankfurt, uwezo huo wa kuyakataa matakwa yako mwenyewe ndio unaomfanya binadamu awe mtu. Hoja nzuri, ila haisemi afanye nini huyo anayejikataa saa 4 za usiku, kahawa chungu ikiwa mezani na pakiti ya jirani ikiwa wazi.

Imam Ghazali alifariki mwaka 1111, karne kadhaa kabla tumbaku haijavuka bahari kutoka Amerika. Hata hivyo katika Ihya, kitabu chake mashuhuri, kwenye sehemu ya toba, ameweka swali ambalo kila aliyeacha sigara hulikuta mlangoni. Wapo watubiaji wawili. Mmoja ameacha na nafsi yake haitamani tena. Mwingine ameacha pia, lakini nafsi bado inamvuta na anapambana nayo kila siku. Yupi bora? Ghazali anaeleza kuwa wanazuoni walihitilafiana. Wa Sham, wafuasi wa Abu Sulayman al-Darani, walimtanguliza mpambanaji, kwa kuwa juu ya toba yake amebeba fadhila ya jihadi. Wa Basra walimtanguliza aliyetulia, kwa kuwa yuko karibu zaidi na usalama.

Mitaani kwetu tu watu wa Sham. Tunamsifu anayekaza meno. Hadithi za walioacha sigara zinapopigwa, inayopendwa ni ya mtu aliyetokwa jasho, akatafuna karafuu na vijiti, akazunguka uwanja usiku wa manane. Anayesema siku moja aliacha tu na haikumsumbua, watu humtazama kwa shaka, kana kwamba hakuwa mvutaji wa kweli.

Ghazali mwenyewe hakuwapa ushindi upande wowote hivi hivi. Kama aliyetulia ametulia kwa sababu matamanio yake yamenyauka yenyewe, mpambanaji amemzidi. Lakini kama ametulia kwa nguvu ya yakini, baada ya kupambana hadi nafsi ikatii, basi yeye ndiye wa juu, kwani mapambano ni njia tu ya kufikia jambo jingine. Mfano aliotoa ni wa mwindaji. Mmoja bado anahangaika kumfunza mbwa na farasi wake. Mwingine amekwisha kuwafunza, nao wamelala karibu naye, mbwa hang'ati na farasi hatoroki. Nani atasema anayehangaika ndiye hodari zaidi?

Mvutaji wa Ramadhani hamo katika hao wawili. Mbwa wake amelala mchana kutwa, lakini hakufunzwa. Amefungiwa bandani, na amelala kwa sababu anaijua saa ya kufunguliwa.

Iran iliwahi kufungiwa hivyo nchi nzima. Mwezi Machi 1890, Nasir al-Din Shah alimpa Mwingereza, Meja Gerald Talbot, haki ya pekee ya kununua, kuuza na kusafirisha nje tumbaku yote ya nchi kwa miaka 50. Wakulima na wafanyabiashara waliwaka. Desemba 1891 ilienea fatwa iliyotolewa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, mujtahid mkubwa wa Kishia aliyekuwa akiishi Samarra, kwamba kutumia tumbaku kwa wakati huo ni sawa na kumpiga vita Imamu wa Zama, yule imamu wanayemngojea Mashia. Maduka yakafungwa, viko vya maji vikawekwa kando, watu waliovuta maisha yao yote wakaacha kwa siku moja. Inasimuliwa kuwa hata ndani ya nyumba ya Shah wake zake waligoma kuvuta. Januari 1892 mkataba ulivunjwa. Shirazi akaiondoa fatwa, na moshi ukarudi mabarazani.

Katika kisa hicho watu wa siasa huona mwanzo wa mapinduzi. Anayejaribu kuacha sigara huona kitu kingine: jambo analoambiwa haliwezekani lilifanywa na umma mzima bila dawa wala ushauri nasaha, kisha likafumuka pale pale ufunguo ulipogeuzwa. Kwa Wairani ufunguo ulikuwa mkononi mwa Shirazi. Kwa mfungaji ufunguo anao Mola wake, na jamii nzima inamlinda. Hata duka linalomuuzia siku nyingine mchana huo limefungwa. Anayeacha moja kwa moja ufunguo anao yeye, mfukoni mwake mwenyewe, na hakuna muadhini atakayemwambia sasa basi. Anaanza saumu isiyo na magharibi.

Hapo ndipo tatizo la kifalsafa lilipo. Mtu anaweza kujiwekea sheria? Thomas Hobbes, mwaka 1651, alijibu kuwa haiwezekani: mwenye uwezo wa kujifunga ana uwezo wa kujifungua, kwa hiyo hajafungwa. Mvutaji anaijua hoja ya Hobbes bila kumsoma. Ameweka sheria saa 12 asubuhi, na saa 3 ameitengua kwa kibali chake mwenyewe, kwa sababu leo kazini kuna matatizo. Zeno, yule mvutaji wa riwaya ya Italo Svevo ya mwaka 1923, aliishi maisha yake yote akivuta sigara ya mwisho, na kila ya mwisho ilikuwa tamu zaidi kwa kuwa ya mwisho.

Fiqhi ina njia ya kulitazama hili ambayo wanafalsafa wangeweza kuiazima. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa mwambao, nia ya kufunga hutiwa kila usiku, siku kwa siku. Kwa Malik, nia moja mwanzoni mwa mwezi yatosha. Waachaji sigara nao wamegawanyika hivyo hivyo. Wapo wasemao "leo sivuti", na kesho wanasema tena. Wapo wasemao "sivuti tena", wakafunga hesabu. Ukifuata vipimo vya Dar, Wamaliki ndio wenye akili: anayesema leo tu amemwachia mbwa tumaini la kesho, na kiu hula tumaini. Lakini nia ya kila usiku ina rehema yake. Siku iliyoharibika haiharibu nyingine. Tafiti za wanaojaribu kuacha peke yao, bila msaada wowote, huonyesha kuwa ni 3 hadi 5 tu kati ya 100 wanaokuwa bado hawajavuta baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Katika hesabu kama hiyo, mtu asiyejua kutia nia upya baada ya kuanguka hana safari.

Na hakuna aibu kumpa mwingine ufunguo. Kuwaambia watoto, kubadili baraza ya kahawa kwa wiki chache, kutotembea na chenji ya kununulia moja moja, kwenda hospitali kuomba dawa: zote ni namna za kuhamisha ufunguo kutoka mfukoni. Plasta na chingamu za nikotini ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kwa mfungaji kuna tofauti ndogo yenye faida: Baraza la kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilihesabu plasta za dawa zinazobandikwa ngozini miongoni mwa vitu visivyofunguza. Chingamu ni habari nyingine, ina ladha, na kinachotoka humo humezwa pamoja na mate. Kwa hiyo mtu anaweza kubandika plasta yake kabla ya alfajiri, akapita mchana, na magharibi ikaingia bila njiti kuchanwa.

Umri nao usiwe kisingizio. Uchunguzi wa Richard Doll na wenzake, uliowafuatilia madaktari wa kiume wa Uingereza tangu 1951 hadi matokeo ya miaka 50 yakatoka 2004, ulionyesha kuwa aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia kama miaka 3 ya kuishi, wa 50 miaka 6, wa 40 miaka 9, na wa 30 karibu miaka 10 yote.

Tuseme basi ni fundi cherehani, miaka 52, aliyeanza kuvuta akiwa mwanafunzi wa kazi. Ramadhani imekwisha. Asubuhi ya Idd amevaa kanzu mpya, mkono umekwenda mfukoni wenyewe na umekuta tasbihi. Mzee mwenzake anamsogezea pakiti, "Chukua, bwana, leo sikukuu." Anasema ahsante, amefunga. Wenzake wanacheka, maana leo kufunga ni haramu.

Kesho yake anaanza Sita, zile saumu sita za baada ya Idd. Baada ya hapo hakuna tena saumu ya kujificha nyuma yake. Kalenda ya Waswahili haiuiti mwezi huu Shawwal. Inauita Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, ndipo uje Rajabu. Miezi tisa ya kufunguliwa. Mfunguo Tatu, kwenye arusi ya mpwa wake, roho itataka kwa dakika nne hivi, atatoka nje akaongee na wapishi. Mfunguo Tano atasahau kuhesabu siku. Mfunguo Nane, mvua ikinyesha na umeme ukiwa umekatika, ataota anavuta, na atakapoamka atanusa vidole vyake gizani kuhakikisha.